Ziwa si Kioo: Uhakiki wa Picha Mbili za Zuhura Juu ya Kivu

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki picha mbili na sentensi moja. Picha zote mbili zilipigwa na wanafunzi wetu mwishoni mwa Desemba 2024, wakati wa likizo, kutoka ufukweni mwa Ziwa Kivu upande wa Karongi. Zinaonyesha kitu kilekile: sayari ya Zuhura ikiwa chini katika anga la magharibi, na mwanga wake ukiwa umelala juu ya maji. Sentensi yenyewe ni ile waliyoiandika chini ya picha hizo walipozileta darasani, katika zoezi la kuandika maelezo ya picha kwa Kiswahili: "Zuhura ikijitazama katika kioo cha Kivu."

Msomaji anaweza kujiuliza idara ya Kiswahili ina habari gani na sayari na kamera. Jibu letu ni kwamba sentensi hiyo ni ndugu wa sentensi nyingine tunayokutana nayo kila muhula, katika insha, katika mitihani na hata katika tasnifu: "Fasihi ni kioo cha jamii." Sentensi zote mbili zimejengwa juu ya sitiari moja na, kwa maoni yetu, zote mbili zinapotosha kwa namna moja. Faida ya picha ni kwamba upotofu huo unaonekana kwa macho, na mtu anaweza kuunyooshea kidole.

Picha zenyewe

Kwanza tueleze mahali na wakati. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Rwanda na ile ya Kongo. Anayesimama Karongi jioni hutazama magharibi, kilipo kisiwa cha Idjwi. Kwa hiyo sayari yoyote inayotua jioni hutua mbele yake, juu ya maji. Desemba hiyo Zuhura ilikuwa inakaribia umbali wake mkubwa kabisa kutoka kwenye jua angani, yaani nyuzi 47, umbali ambao iliufikia tarehe 10 Januari 2025. Ilikuwa ikibaki angani kwa zaidi ya saa tatu baada ya jua kuchwa. Mwezi uliandama mwishoni mwa Desemba, hivyo usiku ulikuwa na giza la kutosha, na mvua za vuli zilikuwa zimepisha kiangazi kifupi ambacho Wanyarwanda hukiita urugaryi.

Picha ya kwanza ilipigwa baada ya saa mbili usiku, Zuhura ikiwa nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Kamera iliwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, ikasimamishwa wima, lenzi ikiwa ya milimita 24, na mlango wake ukaachwa wazi kwa sekunde 2 tu. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, iliwabidi wapiga picha waongeze sana wepesi wa kamera wa kupokea mwanga, na matokeo yake ni chembechembe zinazoonekana kila mahali penye giza. Zuhura ni nukta nyeupe. Chini yake, kutoka karibu na ng'ambo hadi karibu na miguu ya mpiga picha, kuna utepe mrefu wa mwanga uliokatikakatika. Kando ya utepe huo kuna taa za wavuvi wa sambaza, na katika taa mbili zilizo karibu mtu anaweza kutambua mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu ya kushikia wavu.

Picha ya pili ilipigwa muda mfupi baadaye, pale pale, ila mlango wa kamera uliachwa wazi kwa dakika 4. Hapa hakuna chembechembe. Maji yamekuwa laini kama hariri, utepe umekuwa mnara mmoja usio na mkatiko, na taa za wavuvi zimeyeyuka zikawa ukungu wa rangi ya manjano. Mitumbwi haionekani kabisa. Zuhura nayo imeacha kuwa nukta. Imekuwa mstari mfupi uliosimama, kwa sababu anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na katika dakika 4 sayari ilikuwa imeshuka kwa nyuzi 1, upana wa mwezi mpevu mara mbili.

Darasa lilipoulizwa ni picha ipi bora, takriban wote walichagua ya pili. Ilisemekana ni tulivu, ni safi, na inastahili kuwekwa kwenye kalenda. Sisi tunaonelea kwamba ya kwanza ndiyo picha bora, na sababu zetu zinahusu uhakiki kabla hazijahusu upigaji picha.

Maji yanafanya kazi

Tuichukue sentensi ya kioo jinsi ilivyo, tuipime. Kama Kivu lingekuwa kioo, Zuhura ingeonekana vipi ndani yake? Usiku ule mwezi mpevu ungekuwa na upana wa Zuhura mara 80 hivi. Kwa jicho la mtu sayari ile ni nukta na si zaidi. Kioo kilicholazwa chini kingerudisha nukta moja, nyuzi 15 chini ya upeo kama ilivyo nyuzi 15 juu yake, basi. Lakini katika picha hatuoni nukta. Tunaona utepe.

Utepe huo umetengenezwa na viwimbi. Kila kiwimbi ni kipande kidogo cha uso wa maji kilichoinama upande wake. Kilichoinama kiasi kinachofaa hutuma mwanga wa sayari kwenye jicho letu. Kingine huutuma kwingine. Vile vinavyotuelekea vimetapakaa kutoka mbali hadi karibu, na kadiri sayari inavyokuwa chini ndivyo utepe unavyozidi kuwa mwembamba kwa urefu wake. Kwa maneno mengine, urefu wa utepe ni kipimo cha jinsi maji yalivyotikiswa na upepo. Uzuri unaosifiwa kwa jina la utulivu umeletwa na kutotulia. Siku ambayo Kivu lingetulia kabisa, picha hii isingekuwapo. Tungekuwa na nukta mbili.

Aidha, maji hayarudishi kila kitu. Usiku ule sayari ya Zohali ilikuwa juu ya Zuhura, na katika picha ya kwanza inaonekana vizuri angani. Lakini majini haimo. Mwanga wa Zuhura ulikuwa mkali kuliko wa Zohali kwa zaidi ya mara 100. Isitoshe, maji hupokea mwanga kwa masharti. Mwanga unaoyaangukia kutoka juu kabisa hurudishwa kwa asilimia 2 tu. Ukitoka nyuzi 30 juu ya upeo hurudishwa asilimia 6, ukitoka nyuzi 15 asilimia 21, na ukitoka nyuzi 5 asilimia 58. Kwa hiyo kilicho chini, karibu na upeo, hupendelewa, na kilicho juu humezwa. Ziwa lina upendeleo wake, na upendeleo huo una kanuni zinazoweza kuelezwa.

Jambo la tatu linahusu mahali. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, sayari zetu hutua karibu wima. Katika picha ya pili mstari wa Zuhura umesimama juu ya utepe wake kama herufi moja ndefu iliyokatwa katikati. Mpiga picha aliye Norway au Scotland hawezi kuipata picha hiyo, kwani huko sayari hutelemka kwa mshazari na kuuacha utepe wake kando. Tukiruhusiwa kutumia istilahi ya isimu, tutasema kwamba picha hii ina lafudhi.

Basi ziwa hurefusha, huchagua, na huwa na lafudhi ya mahali lilipo. Kioo kizuri hakitakiwi kufanya hata moja kati ya hayo matatu.

Kioo, taa na kilichosahauliwa

Sitiari ya kioo ina umri mkubwa. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, aliitumia kuwakejeli wasanii: mtu akizungusha kioo huku na huku ataweza kudai kwamba ameumba jua na ardhi na kila kilichomo. Stendhal, katika riwaya yake ya mwaka 1830, Le Rouge et le Noir, aliigeuza ikawa utetezi: riwaya ni kioo kinachobebwa njiani, na tope likionekana ndani yake mlaumu si mbebaji. Mwaka 1908 Lenin aliandika makala akimwita Tolstoy kioo cha mapinduzi ya Urusi, na mkondo huo ndio uliotufikia katika Afrika Mashariki kupitia uhakiki wa Kimarx. Hatudharau mchango wake. Wahakiki walipodai kwamba fasihi inaihusu jamii, walikuwa wakipinga mazoea ya kuitenga sanaa na maisha ya watu, na walikuwa na haki.

Hata hivyo, ndani ya mkondo huohuo walikuwapo walioona tatizo. Pierre Macherey, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1966, aliisoma upya makala ya Lenin akaonyesha kwamba kioo kinachozungumziwa hakiwezi kuwa kioo cha kawaida: huonyesha vipande, na kisichoonyeshwa kina maana sawa na kilichoonyeshwa. Kabla yake, mwaka 1953, Mmarekani M. H. Abrams aliweka sitiari mbili kando kwa kando katika jina la kitabu chake: kioo na taa. Kioo kinasimama kwa wale wanaoona kwamba sanaa huiga ulimwengu, na taa kwa wale wanaoona kwamba msanii huumulika ulimwengu kwa nuru inayotoka ndani yake.

Picha ya kwanza ya Karongi inatupa vyote viwili na kitu cha tatu. Zuhura imo, yaani ulimwengu ulio nje na juu ya uwezo wetu. Taa zimo. Wavuvi wa sambaza huondoka ufukweni jua linapokaribia kuchwa. Zamani walikwenda na karabai na siku hizi wengi hutumia taa za betri, ili kuwavuta samaki juu penye wavu. Samaki hao wenyewe si wenyeji wa Kivu; walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini mwanga wa sayari na mwanga wa taa vinatufikia kupitia kitu kilekile, yaani maji. Utepe wa Zuhura na utepe wa taa una mkatiko wa aina moja, kwa sababu viwimbi ni vilevile. Katika mjadala wa kioo na taa, kitu hicho cha tatu ndicho kinachosahauliwa kwa urahisi, na kwetu sisi walimu wa Kiswahili jina lake ni lugha.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini hatuipendi picha ya pili. Dakika 4 zimeyafuta mawimbi kwa kuyachanganya yote pamoja. Zimewafuta pia wavuvi, kwa sababu watu waliokuwa kazini hawakutulia mbele ya kamera. Kilichobaki ni sayari, milima na maji yasiyo na mwenyewe. Picha hiyo haikudanganya. Kila chembe ya mwanga iliyomo ilitoka ziwani. Lakini imetupa Kivu ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona kwa macho, kisha maelezo yake yakaliita kioo, yaani yakadai kwamba ndivyo lilivyo.

Kioo hakina kumbukumbu

Tunaomba msomaji atuvumilie kwa jambo zito zaidi, ambalo haliwezi kurukwa na anayeandika kuhusu ufukwe huu. Karongi ndiyo Kibuye ya zamani. Kwenye rasi inayoingia ziwani kuna kanisa ambamo watu waliokuwa wamekimbilia usalama waliuawa tarehe 17 Aprili 1994, na siku iliyofuata waliuawa wengine waliokuwa wamekusanyika katika uwanja wa michezo wa Gatwaro, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Kanisa hilo linaonekana katika picha nyingi nzuri za Kivu, kwa kuwa mahali lilipo ni pazuri.

Kioo hurudisha kilicho mbele yake, na kikiondolewa hakibaki na kitu. Kwa mantiki ya kioo, picha ya jioni tulivu juu ya rasi ile ni ukweli mtupu: anga lilikuwa tulivu, maji yalikuwa tulivu, imekwisha. Mnyarwanda yeyote anajua kwamba haijaisha. Boubacar Boris Diop wa Senegal alipokuja Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wengine wa Afrika waliotakiwa kuandika kwa wajibu wa kumbukumbu, hakutoka na kitabu kinachofanana na kioo. Murambi, riwaya yake iliyotoka mwaka 2000, imegawanywa kwa sauti nyingi: za wahanga, za wauaji, na ya mtu anayerudi kutoka ughaibuni na kukuta ukweli kuhusu familia yake mwenyewe. Sauti hizo ni viwimbi. Kila moja imeinamia upande wake na inatuma nuru yake kwa pembe yake, na msomaji ndiye anayeona utepe.

Hatusemi kwamba kila picha ya Zuhura ibebe msiba. Tunachosema ni kwamba mwandishi wa maelezo, akiwa na neno moja tu la kulielezea ziwa, na neno hilo likiwa kioo, amejinyima nafasi ya kusema lolote ambalo kamera haikuliona.

Yanayofuata darasani

Tukirudi kwenye mitihani yetu, madhara ya sitiari hii ni bayana. Mwanafunzi akiulizwa "Fasihi ni kioo cha jamii. Jadili", huorodhesha: ufisadi, ndoa za lazima, ukimwi, unyonyaji, kila kimoja na mfano wake kutoka kitabuni. Akimaliza orodha amemaliza insha, na kama muda upo ataongeza aya moja juu ya fani. Yaani ameitazama Zuhura angani, akatwambia kwamba iko angani. Utepe ulio majini, ambao ndio kazi ya msanii, haukuguswa.

Orodha hiyo hushindwa mara moja inapokutana na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Hakuna jamii ya namna hiyo ya kusimama mbele ya kioo. Hata hivyo, wasomaji wa Tanganyika walielewa mara moja kesi ya Karama ilikuwa inahusu nani na utawala upi. Waliweza kuelewa kwa sababu mwandishi alikwepa kuakisi moja kwa moja: aliipeleka nchi juu, akairefusha kwa safari za wajumbe, akachagua cha kutamka na cha kunyamazia. Mwanafunzi anayetafuta kioo humo ataandika kwamba kitabu "kinaakisi ukoloni" na kuweka nukta. Anayetafuta viwimbi atauliza kwa nini ukoloni ulihitaji kusemwa kwa njia ndefu kiasi hicho, na hapo atakuwa ameanza uhakiki.

Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. Kwanza, swali la kioo liondolewe katika mitihani ya mwaka wa pili na wa tatu, na badala yake mwanafunzi aulizwe lugha ya kazi husika imerefusha nini, imechagua nini na imemeza nini. Pili, zoezi la maelezo ya picha liendelee, kwa kuwa ni zuri, lakini mwanafunzi aagizwe aandike maelezo mawili ya picha ileile, na neno kioo lisitumike katika hata moja.

Kuna pia suala la lafudhi tulilolitaja juu juu. Tangu sheria ya mwaka 2017 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, wanafunzi wetu wamezidi kuandika, na Kiswahili chao kina viwimbi vya Kinyarwanda. Vipo vinavyovunja upatanisho wa kisarufi, na hivyo tutaendelea kuvisahihisha. Lakini viko vingine ambavyo ni namna ya kuona: methali iliyohamishwa kutoka nyumbani, mpangilio wa salamu, jina la majira kama urugaryi ambalo Kiswahili cha pwani hakikulihitaji. Mwalimu anayetaka Kiswahili cha Kigali kiwe kioo cha Kiswahili cha Unguja atavisawazisha vyote kwa kalamu nyekundu, kama zile dakika 4 zilivyolisawazisha ziwa.

Tunaambiwa kwamba wapiga picha wetu wamepanga kurudi Karongi Agosti 2026, Zuhura itakapokuwa tena mbali na jua katika anga la jioni. Tumewashauri waende na daftari pamoja na stendi, na wakipata nafasi wawaulize wavuvi wenyewe maji ya namna ile huitwaje. Maoni ya wasomaji kuhusu mapendekezo haya yatapokewa na wahariri kwa ajili ya toleo lijalo.